Bahari Ukutani kwa Baba

Darasa letu la masomo ya jioni lilipakwa chokaa wiki ile ile mwalimu alipotuambia kwamba huku kwetu Usukuma hapakuwa na mtu aliyechora picha ukutani mpaka shule zilipoleta penseli za rangi. Alikuwa kijana mpole, mwenye kola safi, na sina ugomvi naye hadi leo. Lakini siku ile, harufu ya chokaa mbichi ikiwa imenijaa puani, nilinyoosha mkono juu kiasi kwamba jirani yangu alidhani nataka kuning'inia darini. Mwalimu akasema, "Bibi, tuendelee na somo, muda hautoshi." Tukaendelea na somo. Mtihani nilifaulu, na cheti nimekitundika mahali ambapo mgeni hawezi kuingia kwangu bila kukigonga kwa paji la uso. Ila jibu langu lilibaki kooni. Nyinyi wa rika langu mtanisikiliza, kwa sababu na nyinyi mna majibu yenu yaliyokwama.

Nyumba yetu ilikuwa mjini Shinyanga, upande wa Waswahili, kwenye barabara waliyopita wafugaji wakipeleka ng'ombe mnadani. Nikisema barabara mnanielewa: vumbi lenye nyayo. Siku ya mnada walipita ng'ombe wengi hata ukipiga chafya mwanzo wa kundi, mkia wake ulikuwa bado haujatoka Kishapu. Baba alikuwa mtu wa Pwani, wa kijiji kimoja nyuma ya Pangani, aliyepanda bara akiwa kijana na akasahau kurudi. Alikuwa na duka mbele ya nyumba: chumvi, kaniki, majani ya chai, viberiti, naye akinunua samli ya wafugaji. Mama alikuwa Msukuma, aliyesilimu alipoolewa, na Kiswahili chake kilitembea kwa mwendo wa Kisukuma hadi anaingia kaburini. Mimi nilikuwa binti yao wa pekee, wa miaka saba au minane, na sauti yangu, kwa maneno ya Mama, ilisikika Mwanza.

Shangazi Mwanaidi, dada mkubwa wa Baba, alitujia kutoka Geita. Mumewe alikuwa fundi mwashi. Alimchukua Pwani akampeleka huko kwenye machimbo ya dhahabu, ambako Wazungu walitaka nyumba zenye kuta zilizonyooka, na homa ikamchukua fundi kabla hajanyoosha hata ukuta mmoja wa kwake. Shangazi akafika kwetu na sanduku la bati. Mtaa mzima ulikuja kumpa pole, na kila mmoja akalitazama lile sanduku kwa upole mkubwa. Dhahabu haikuwemo. Zilikuwemo kanga mbili, mwiko wa marehemu, na makopo matano ya udongo: mwekundu, wa manjano, wa kahawia, mweupe kama unga wa muhogo, na mmoja wa rangi ya ini.

"Wenzangu wameondoka na mchanga wenye kitu," alisema, "mimi nimeondoka na ule waliouacha."

Alimalizia eda kwetu, ndani. Siku aliyotoka eda alitembea hadi barabarani, akageuka, akautazama ukuta wa mbele wa duka la Baba kwa muda wa kupika maharage.

"Shebani," akamwita Baba, "ukuta wako unaumwa."

"Ukuta ni mzima, dada. Ni wa udongo tu."

"Ndio ugonjwa wenyewe huo."

Baba alicheka, akasema apake anachotaka ila asizibe mlango. Hakujua alichoruhusu. Alidhani dada yake atasiliba kama wanawake wote wanavyosiliba, basi.

Shangazi alipata chokaa kwa fundi wa stesheni, iliyobaki kwenye pipa. Brashi alizitengeneza mwenyewe, moja ya nyuzi za katani, moja ya manyoya ya mkia wa mbuzi, na nyembamba kuliko zote ilikuwa kijiti cha mswaki alichokitafuna ncha hadi kikawa laini. Alipaka chokaa kipande kidogo kidogo, upana wa mkono wake, kisha akachora juu yake ingali na unyevu. "Ikikauka haikusikilizi tena," alinieleza. Kwa hiyo kila asubuhi ukuta uliongezeka kipande kimoja, na mimi niliamka mapema kuliko jogoo ili nione leo kumeota nini.

Alichora kijiji chao. Sisemi alichora nyumba, maana hata mimi naweza kuchora nyumba. Kila nyumba pale ilikuwa ya fulani. Hii ndefu, ya mawe, yenye dari bapa na kingo zenye meno juu yake, ilikuwa ya Bi Zuhura aliyefinyanga vyungu. Hii yenye baraza mbili, moja juu kidogo ya nyingine, ya kadhi mmoja aliyependa kukaa juu ya watu. Milango aliichora ubao kwa ubao, na misumari yake mikubwa ya shaba aliiweka kwa ncha ya kidole chenye udongo wa manjano, na miimo yake akaizungushia nakshi ya mnyororo na maua. Mlango mmoja aliuacha wazi, na ndani ukaona vidaka vya ukutani, na ndani ya kidaka kimoja bakuli, na nawaapia bakuli lile lilikuwa na ufa. Nyuma ya nyumba za mawe zilifuata za makuti, zimebanana, na msikiti mdogo na kisima chake. Na chini kabisa, kutoka pembe moja ya ukuta hadi nyingine, kimo cha magoti yangu, alichora bahari kwa bluu ya kufulia: mistari iliyopinda ikapinda, mmoja juu ya mwingine, mamia.

Sasa nisikilizeni nilivyoona mimi. Nilikuwa sijapata kuona nyumba ya mawe, wala nyumba yenye dari bapa, wala kitu chochote cheupe kirefu chenye vitundu vidogo, isipokuwa kimoja: kichuguu. Pia sikuwa nimepata kuona maji mengi kuliko ya lambo wanakonyweshea ng'ombe, na yale hulala kimya. Kwa hiyo nilisimama mbele ya kazi nzuri kuliko zote zilizopata kufanywa kati ya Tabora na ziwa, nikaona vichuguu vikubwa ajabu, na chini yake nyoka wa bluu wasiohesabika, wanatoka.

Na si mimi peke yangu. Kwa Wasukuma wa wakati ule nyumba yenye picha ukutani ilikuwa ya aina moja tu, ya bayeye, chama cha wafuga nyoka na waganga wa sumu yake. Bayeye walichora nyoka ndani ya nyumba yao ya mafunzo, na asiyeingizwa chamani haingii humo wala hachungulii. Bibi yangu wa Kishapu, mzaa Mama, alinionya habari hiyo kabla sijaota meno. Basi fikirini wafugaji wanatoka porini na samli yao, wanafika kwa Shebani wa chumvi, wanakuta nyoka wamechorwa nje, kweupe, chini ya jua.

Wakasimama hatua ishirini. Hakuna aliyesogea. Mzee mmoja akatusalimu kutoka huko huko, "Mwangaluka, Shebani. Tuletee chumvi hapa tulipo."

"Karibuni ndani," Baba akasema.

"Hapa hapa panatosha."

Nikapeleka chumvi mimi. Nikarudi na samli mimi. Siku ile nilitembea kutoka mlangoni hadi kwa wateja mara nyingi kiasi kwamba ningekwenda mbele moja kwa moja ningelala Tabora.

Jioni Mama alimweleza Shangazi, kwa adabu, huku akichambua mchicha.

"Wifi, watu hawaingii dukani. Wanaona nzoka."

"Nyoka gani?"

"Hao wa chini. Wa bluu."

Shangazi akacheka mpaka akashika ubavu. "Wifi yangu, hayo ni maji. Ni mawimbi ya bahari."

"Maji yanalala," Mama akasema. "Hayo yanatambaa."

"Ndiyo, ya bahari yanatambaa."

Mama akafikiri. "Yanatambaa kwenda wapi?"

"Yanakuja, yanarudi."

"Kama nyoka," Mama akasema, akaendelea na mchicha wake.

Baba naye akajaribu. Alimwomba dadake afute kile kipande cha chini tu, nyumba zibaki. Shangazi hakucheka tena. Alisema kijiji kile bila maji mbele yake si kijiji chao, kinaweza kuwa kijiji chochote, kinaweza kuwa Kahama. Kisha akasema jambo ambalo nililisikia nikiwa nimekaa miguuni pake, na sikulielewa uzito wake hadi nilipozika wa kwangu.

"Shebani, kule sina wa kunipokea. Wote waliokuwa wangu nimewaweka hapa. Ukiniambia nifute, niambie na pa kuwapeleka."

 Ukuta ukabaki. Na polepole, nawaambia, wafugaji wakaanza kuzoea. Kwanza wakaja hatua kumi, kisha tano, na kijana mmoja jasiri akaingia akanunua kiberiti akatoka akikimbia na kuchekwa na wenzake. Mwezi mmoja zaidi na mambo yangekuwa yametulia. Mambo hayakutulia kwa sababu ya mdomo mmoja, na mdomo wenyewe ni huu ninaosimulia nao.

Shangazi alinikalisha mbele ya ukuta, akanifundisha: hii ni bahari, hizi ni nyumba, watu hulala humo. Nikaelewa. Sitajificha nyuma ya utoto, nilielewa vizuri. Lakini nilikuwa nimekwisha kuwaambia watoto kisimani kwamba Shangazi ni bibi wa nyoka, kwamba mchana nyoka wake hulala ukutani, na akiwaita mmoja mmoja kwa jina hushuka. Na watoto walikuwa wakinipa matunda, furu na ukwaju, ili nisiwaite nyoka hao wakati wao wanapita. Mtu mwenye cheo kama hicho haachii kirahisi. Nikaongeza. Nikasema anayo dawa ya kila sumu, imefungwa kwenye makopo matano. Nikasema aliwahi kumfufua Mzungu huko Geita aliyekuwa ameshakufa siku mbili na ameshavuliwa viatu. Watoto wakapeleka habari majumbani, majumbani wakapeleka mnadani, na mnada, kama mnavyoujua, hupeleka habari haraka kuliko treni.

Siku moja ya mnada, jua likiwa utosini, mwanamke aliingia uani kwetu amembeba mtoto mgongoni. Alikuwa ametembea kutoka upande wa Kishapu. Mtoto alikuwa msichana wa umri wangu, jina lake Kabula. Aliumwa mguuni akiokota kuni, na mguu ulikuwa umevimba hadi goti, unang'aa.

"Mayu, mama," yule mama akamwambia Shangazi, akapiga goti, "nimekuja kwako."

"Huyu mtoto ana nini?"

"Nzoka. Toa dawa yako."

Shangazi alikuwa na brashi ya mswaki mkononi. Akaiweka chini. "Mama yangu, mimi sina dawa. Nani kakwambia nina dawa?"

"Wote wanajua. Nitaleta mbuzi. Baba yake yuko nyuma anakuja na mbuzi."

"Sitaki mbuzi. Sina dawa. Yale pale ni maji, nimechora maji."

"Wawili basi," yule mama akasema, na midomo yake ilikuwa imekauka. "Tutaleta wawili."

"Zahanati umeipita?"

Alikuwa ameipita. Alipita mlangoni kwa zahanati ya serikali, na dresa, mtibu wa pale, amesimama, akaja kwetu.   Shangazi alimtoa Kabula mgongoni mwa mama yake, akamweka mgongoni mwake mwenyewe, akamfunga kwa kanga, akakimbia. Mwanamke wa makamo, mnene, wa Pwani, ambaye sijawahi kumwona akiharakisha hata kwa mvua, alikimbia katikati ya ng'ombe wa mnada, na ng'ombe wakampisha. Dresa akafanya yake. Jioni ile ile ndugu wa Kabula wakamleta myeye wa kweli, mmoja wa bayeye wenyewe, kutoka ng'ambo ya reli, naye akafanya yake. Kabula akapona. Vidole viwili vya mguu vikaoza vikakatika. Dresa alisema yeye ndiye aliyemponya, myeye akasema ni yeye, na kuhusu vidole viwili wote wakakubaliana kwamba vilipotea njiani, katika muda uliopotezwa kwa kupitia nyumbani kwetu.

Kesi ikapelekwa kwa mwanangwa, mtu wa mtemi aliyetazama upande wetu wa mji. Tulikaa barazani kwake, chini ya kipenu cha nyasi. Bayeye watatu walikuja, wamejifunga ngozi za chatu, wakasema mwanamke huyu hakuingizwa chamani, na ameweka alama yao barabarani ili avute wagonjwa. Baba yake Kabula akasema mtoto wake amekuwa kilema kwa tamaa ya mtu. Mwanangwa akamuuliza Shangazi kama ukuta ule ni kazi yake.

"Ni kazi yangu."

"Wale chini ni nini?"

"Bahari."

Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, ni kicheko cha watu walioambiwa kwamba ng'ombe ni ndege. Mwanangwa akauliza kama kuna mtu barazani aliyewahi kuiona hiyo bahari. Baba aliwahi kuiona. Baba alizaliwa umbali wa kutupa jiwe kutoka kwenye maji yale. Alikuwa amekaa pale, mkekani, kofia kichwani, na mdomo ameufunga.

Hapa ndipo damu yangu huchemka, miaka yote hii, hata nikiwa najimenyea chungwa kwa amani. Watu wazima zaidi ya thelathini walikaa pale. Wenye mvi, wenye ng'ombe, wenye wake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali dogo kuliko yote: habari hii ya dawa imetoka wapi? Nani ameisema, nani ameisikia kwa nani? Wangefuata uzi huo nusu saa tu wangefika kisimani, wangenikuta mimi na mdomo umejaa furu. Lakini kila aliyeulizwa alijibu "wote wanajua", na jibu hilo likapokelewa kama kiapo. Shangazi aliulizwa amemtangazia nani. Akasema hajamtangazia mtu. Kisha akageuza kichwa, akanitazama mimi, nilipojibanza ubavuni kwa Mama. Alinitazama muda wa kuvuta pumzi moja. Akaurudisha uso wake mbele, akasema tena, "Sijamtangazia mtu, na sina la kuongeza."

Ikaamuliwa ukuta ufutwe wote, nyumba na nyoka, na afute mwenyewe aliyechora. Wakamuuliza Baba kama anakubali, maana ukuta ni wake.

"Nakubali," Baba akasema.

Njiani kurudi Shangazi alimwambia, bila kupandisha sauti, "Nyumba uliyozaliwa ipo pale. Ya tatu kutoka mwisho. Mama yetu amekaa mlangoni."

"Nimeiona siku ile ile uliyoichora," Baba akasema.

"Na ukakubali."

"Nina duka, dada. Wewe unafuta ukuta. Mimi nikikataa nafutwa mimi."

Siwezi kusema Baba alikuwa mtu mbaya. Alinipenda, alimpenda Mama, aliniacha nilambe kijiko cha sukari mbele ya wateja. Lakini mtu anaweza kuwa mwema mwaka mzima na siku anayotakiwa kusema neno moja, "bahari", neno analolijua tangu kuzaliwa, asiliseme. Sijamsamehe. Nilimzika kwa heshima zote, nililia kwa sauti iliyofika Mwanza, na sijamsamehe.

Asubuhi yake Shangazi alianza kufuta. Alichukua ndoo, kitambaa cha gunia, na mwiko wa marehemu wa kukwangulia pale chokaa ilipokuwa imeshika. Mimi nikapewa kata ya kumwagia maji. Alianza upande wa kisima cha msikiti, na kila alipofika kwenye nyumba aliitaja, kama mtu anayeaga mtaani.

"Mwaga hapa. Hii ni ya Mzee Jumbe, alikuwa na paka kumi. Mwaga. Hii ya Bi Zuhura, nilimwibia chungu nikiwa kama wewe. Mwaga, mwanangu, mbona mkono umekufa?"

Maji yalishuka na rangi, mekundu na ya manjano, yakapita juu ya bahari, yakaingia vumbini. Ng'ombe wa mtu akaja kulamba chumvi ya chokaa, nikampiga na kata.

Tulipofika nusu ya ukuta sikuweza tena. "Shangazi," nikasema, "ni mimi niliyesema."

"Najua."

"Niliwaambia una dawa."

"Najua. Una sauti kuliko mwadhini. Nilikuwa nakusikia kutoka kisimani, nikadhani ni michezo." Akakwangua msumari wa shaba wa mlango, mmoja, mwingine.

"Mbona hukuwaambia?"

"Wangekuchapa wewe, na ukuta ungefutwa vilevile."

Aliyasema hayo kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Lakini mimi nilisimama na kata mkononi nikaona nyumba ya tatu kutoka mwisho bado ipo, bibi yangu nisiyepata kumwona amekaa mlangoni, na zile zinazofuata bado zipo, na bahari yote bado ipo. Nikafikiri, kwa akili yangu ya miaka minane, kwamba kesi ilikosea kwa sababu haikujua. Ikijua itajirekebisha. Ndivyo nilivyodhani watu wazima wanafanya kazi. Nikaweka kata chini nikakimbia.

Mwanangwa alikuwa barazani kwake na wazee wanne, mmoja wao myeye mkubwa wa jana, wamezunguka ungo wa karanga za kukaanga. Nikapiga goti, nikaamkia kila mmoja shikamoo yake, nikapokea marahaba zangu tano, nikasema.

"Shangazi hakusema ana dawa. Nilisema mimi. Nilidanganya watoto wanipe furu."

Wakatazamana.

"Wewe ni binti wa Shebani?" mwanangwa akauliza.

"Ndiyo, baba. Na Mzungu hakufufuka. Hilo nalo nilidanganya. Na wale si nyoka, ni maji, Baba anajua ni maji, muulizeni. Ukuta umefutwa nusu. Ukisema sasa hivi nusu itabaki."

Myeye ndiye aliyeanza kucheka, mabega yakimtikisika. "Huyu tumwingize chamani akikua," akasema. "Nyoka watamwogopa."

"Kweli ana maneno," mwingine akasema. "Amefundishwa na yule mwanamke aje aseme hivi."

"Hajanifundisha. Hajui nimekuja."

Mwanangwa alinitazama kwa upole, na upole ule ndio ninaouchukia kuliko ukali wowote niliowahi kufanyiwa. "Mwanangu," akasema, "mtoto hashitakiwi. Na kwa kuwa hashitakiwi, neno lake halivunji shauri la wakubwa. Rudi nyumbani ukamsaidie shangazi yako amalize kabla ya adhuhuri." Akachota karanga kwenye ungo kwa mkono mzima, akanijazia pindo la kanga. "Haya. Kwa ushujaa wako."

Nataka mnielewe hasira yangu ilipo. Nilipodanganya, neno langu lilitembea hadi Kishapu. Liliaminiwa na mama mwenye mtoto mgongoni, likamfanya apite mlango wa zahanati bila kugeuza shingo. Watu wazima walilibeba, wakalipamba, wakalifikisha barazani, na juu yake wakamhukumu mtu. Siku niliyosema kweli, kwa magoti, mbele ya watu wale wale, nikaambiwa mimi ni mtoto. Uongo wangu ulikuwa wa mtu mzima. Ukweli wangu ukawa na miaka minane. Mpaka leo mtu akiniambia "wote wanajua" humwomba majina, mmoja mmoja, na jina la baba zao.

Nikarudi. Njia ilikuwa fupi lakini niliitembea kwa miguu ya kuburuza, nikilia, kamasi zikinishuka, na mkono wangu, bila kuniuliza, ukaingia kwenye pindo la kanga. Karanga zilikuwa bado za moto. Zilikuwa na chumvi. Nilikula nikilia, nikalia nikila, na nilipokata kona ya nyumbani ukuta ulikuwa wa udongo mtupu, umelowa, kutoka pembe hadi pembe. Shangazi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka ananawa mikono, na maji ya ndoo yalikuwa ya bluu.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa mwanangwa. Nimemwambia ni mimi."

Mikono yake ikasimama ndani ya maji. "Akasemaje?"

Nikalia upya. Alinivuta karibu, akanifuta kamasi kwa ncha ya kanga yake, akaona maganda mekundu ya karanga pembeni mwa mdomo wangu. Akayaondoa kwa kidole, moja moja, taratibu, kama alivyokuwa akiweka misumari ya shaba.

"Alikupa karanga."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na mimi umeniwekea ngapi?"

Nikafungua pindo la kanga. Sikuwa nimemwachia hata punje.